Kumwamini Yesu katika soko la Virunga

Hapa sokoni Virunga, mjini Goma, ukisema umeokoka, wateja wanaangalia kopo lako. Mama anayekuja kununua maharagi halisikilizi pambio unaloimba asubuhi ukipanga magunia. Anachukua kopo la kupimia, analigeuza, anapitisha vidole ndani mpaka chini. Akikuta kitako kimegongwa kwa jiwe mpaka kikapanda juu, analirudisha mezani bila neno na kwenda meza inayofuata. Kopo la namna hiyo linakula kiganja kimoja cha maharagi kwa kila kipimo, na ukilitumia kumaliza gunia zima la maharagi ya Rutshuru, viganja hivyo vinaweza kulisha nyumba kwa siku kadhaa.

Jumapili moja mwinjilisti mgeni alihubiri kanisani kwetu Majengo. Alisoma Marko 1:15, pale Yesu anapowaita watu watubu na kuiamini Injili. Wengi waliinua mikono, na mimi nilimshukuru Mungu pamoja nao. Tulipokuwa tunatoka, binti mmoja wa kwaya alinishika mkono. "Mama, sasa nimeinua mkono. Kesho nifanye nini?" Alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi kwenye depo moja karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpaka wetu na Rwanda, kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Wingu lilikuwa limeshashuka juu ya mlima Nyiragongo na kila mtu alikuwa anakimbilia nyumbani, hivyo nilimwambia maneno mawili tu: "Mwanangu, anza na daftari lako." Nasimama kwenye jibu hilo. Lakini linahitaji kutanguliwa na jambo lingine, na ndilo ninaloandika leo kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wengine wanaosoma hapa.

Kabla ya daftari, kuna kazi ambayo imekwisha kufanyika. Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu. Paulo, katika 1 Wakorintho 15, anasema hayo ndiyo aliyoyapokea na kuwakabidhi wengine. Hakuna kopo, hata liwe limenyooka namna gani, linaloongeza kitu juu ya hapo. Anayesikia anaombwa amtegemee aliyefanya hayo, amwekee maisha yake yote, pamoja na njaa yake na madeni yake. Ninayasema haya kwa sababu kuna mahubiri mengi mjini kwetu yanayoanzia upande wa pili. Mtu anaambiwa asiibe, asidanganye, asipokee rushwa, na haambiwi nani atamshika atakapokosa. Huko ni kumtwika mwenzio gunia bila ngata.

Mwangalieni Zakayo. Alikuwa mkubwa wa watoza ushuru Yeriko, na sisi watu wa mpakani tunajua kazi hiyo inaweza kumfanya mtu kuwa nani. Luka anaeleza kwamba Yesu alijialika mwenyewe nyumbani kwake, mbele ya watu waliokuwa wananung'unika, kabla Zakayo hajarudisha hata senti. Ndipo Zakayo akasimama na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, anarudisha mara nne. Sheria ya Walawi 6 ilimtaka mtu aliyemdhulumu mwenzake arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ni hesabu ya Kutoka 22:1, ya mtu aliyeiba kondoo akamchinja au akamwuza. Zakayo alijihesabu pamoja na wezi wa mifugo, kwa kinywa chake mwenyewe, na hakuna aliyemlazimisha. Najiuliza aliwezaje. Tajiri anayetoa nusu ya mali yake na kuahidi mara nne juu yake anajua anaweza kubaki na kidogo sana. Ninaamini hofu ya kubaki na kidogo ilimtoka mchana ule, kwa sababu ya mgeni aliyekuwa chini ya paa lake.

Hofu ndiyo ninayotaka kuitaja kwa jina lake. Nimekaa sokoni muda mrefu na sijaona mama anayegonga kopo kwa raha. Anagonga usiku, watoto wakilala, kwa sababu minervali, ile ada ya shule, haijalipwa, mwenye nyumba amekuja mara ya pili, na deni la gunia lililopita bado linamdai. Anaogopa kesho. Akiweza kuamini kwamba Baba anajua kesho yake, mkono wake utaliacha jiwe. Ndiyo maana nasema imani inatangulia. Tukimkemea mama yule kuhusu kopo na tusimpe sababu ya kuacha kuogopa, atanunua kopo jipya kwa ajili ya macho yetu na la zamani atalificha chini ya meza.

Wazee wetu wa dini waliliona hili wakati wa uamsho ulioanzia Gahini, upande wa mashariki wa Rwanda, katika miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na kwingineko. Watu waliopata uhakika wa kusamehewa walianza kurudisha vitu: ng'ombe, vyombo vya kazi, pesa walizoiba kwa waajiri wao. Walokole, yaani waliookoka, kama walivyoitwa, walijulikana kwa hilo, hata na watu wasiowapenda.

Sasa nimfikie kijana wa mji wetu. Mimi ni Mprotestanti, na kwetu hakuna desturi ya kuwatangaza wenyeheri. Lakini tarehe 15 Juni 2025, Wakatoliki walipomtangaza Floribert Bwana Chui kuwa mwenyeheri kule Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo, nilifuatilia kwa simu, kifurushi cha intaneti kikakatika katikati, nikakiongeza. Alikuwa mtoto wa Goma. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1981, akasoma sheria hapa hapa Chuo Kikuu cha Goma, akawa katika jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akiwafundisha na kuwatunza maibobo, wale watoto wa barabarani ambao wengi wetu tunawafukuza mezani. Kisha akapata kazi katika Office Congolais de Contrôle, OCC, ofisi inayokagua ubora wa bidhaa. Kwenye mpaka wa Goma, kazi yake ilikuwa kusema chakula hiki kipite, na hiki kiharibiwe.

Mwaka 2007 ililetwa shehena ya mchele ulioharibika. Walimpa pesa apitishe, akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Inasimuliwa kwamba alimpigia simu mtawa mmoja ambaye ni daktari, akamwuliza madhara ya chakula kile kwa watu. Floribert alimweleza pia mtawa yule kwamba pesa ile ingekwisha upesi, lakini watu wangekula kile chakula, na kwamba ilimbidi ajiulize kama yeye anaishi katika Kristo au haishi. Alitekwa mwanzoni mwa Julai, na mwili wake ukapatikana tarehe 9 ya mwezi huo. Alikuwa na miaka 26. Papa Fransisko, alipozungumza na vijana Kinshasa Februari 2023, alimtaja kama mtu ambaye angeweza kufumba macho na asijulikane na yeyote.

Ninaposoma habari zake, mimi muuza chakula, nafikiri juu ya mchele wenyewe. Mchele ule ungekwenda wapi? Ungepandishwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ungefika mtaa wa Birere, ungefika hapa Virunga, ungemwagwa kwenye beseni juu ya meza kama hii yangu. Wakati ule meza hii ilikuwa ya mama mkwe wangu. Angeuza bila kujua, na mama mwingine angepikia watoto wake jioni, pia bila kujua. Kuna watu katika mji huu waliokula salama mwaka ule kwa sababu kijana mmoja aliamini neno alilolisikia kanisani mpaka kwenye kalamu yake ya kazi. Hawamjui, na yeye hakuwajua. Vijana mnaofanya kazi mpakani, kwenye depo, kwenye maghala ya dawa, mnaposaini karatasi, kumbukeni kwamba mwisho wa karatasi ile kuna sufuria ya mtu.

Sitaki mtu afikiri kwamba kila uaminifu unaishia na kifo. Mara nyingi unaishia na hasara tu, na hasara ndogo za kila siku ndizo zinazotuchosha. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, umeme na maji vilikatika, watu wakachota maji ziwani, mabenki yakafungwa, na depo nyingi zikavunjwa. Risasi zilipopungua nilirudi sokoni na meza yangu ilikuwa tupu. Kijana mmoja akaja na magunia ya unga juu ya chukudu.

"Mama, kamata hii. Nakupa bei ya chini kabisa."

"Imetoka wapi, mwanangu?"

"Mama, siku hizi hatuulizani imetoka wapi."

Nembo kwenye gunia ilikuwa imefunikwa kwa tope, tope lililopakwa kwa mkono, vidole vinaonekana. Nilimwambia siwezi kununua. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasukuma chukudu yake mpaka meza ya mbele, na pale unga uliisha kabla ya saa sita mchana. Wateja wangu niliwaona wakipita na unga huo. Nyumbani tulikula mboga za lenga-lenga za uani mpaka shemeji yangu wa Himbi alipotuletea maharagi na mafuta kidogo. Sina muujiza wa kusimulia hapo. Nilisali "utupe leo riziki yetu" kwa namna ambayo nilikuwa sijawahi kuisali, na riziki ilikuja kidogo kidogo, kwa mkono wa shemeji.

Jambo lililonitia nguvu zaidi katika siku zile lilikuwa sanduku letu. Sisi akina mama wa soko tuna AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha aina ile ambayo shirika la CARE lilianzisha kule Niger mwaka 1991 na ambayo siku hizi imejaa kila mtaa wa Kivu. Kila juma tunakutana, kila mmoja ananunua hisa zake, muhuri unagongwa kwenye kitabu chake mbele ya wote. Pesa inaingia kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa akina mama watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa wa nne. Kwetu wa nne ni Mama Shemasi, anayeuza mikate.

Vita vilipofika katika mtaa wake alilihamisha sanduku jikoni na kulifunika kwa makala, yaani makaa ya kupikia. Usiku mmoja watu wenye silaha waliingia. Walichukua simu na redio, wakadai pesa. Akawapa mtaji wake wote wa mikate, aliokuwa ameufunga kwenye kona ya kitenge. Waliondoka, na jikoni hawakugusa.

Tulipoweza kukutana, mwenzetu mmoja mwenye ufunguo alikuwa amevuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, na watoto wake, ufunguo ukining'inia shingoni mwake. Sisi tulikuwa na njaa. Mabenki yalikuwa yamefungwa, wanaotoa pesa za simu walikuwa wamepandisha makato, na sanduku letu lilikuwa pale mbele yetu, na vumbi jeusi kwenye bawaba. Mmoja akasema tulete msumeno, tukate kufuli moja, tugawane. Wengi tulinyamaza, kwa sababu wengi tulilitamani. Mama Shemasi akajibu: "Hizi kufuli tulizifunga mbele ya wote. Tutazifungua mbele ya wote." Tukasubiri. Mwenzetu aliporudi, tulifungua, tukahesabu pesa tukilinganisha na mihuri ya kila kitabu, na hesabu ikawa sawa mpaka noti ya mwisho ya franka. Siku hiyo ndiyo binti wa Mama Shemasi alitueleza kuhusu mtaji wa mikate. Mama yake hakuwa amesema. Mfuko wa msaada wa kikundi ulimpa cha kuanzia, na alipokea akilia.

Zaburi 15 inauliza nani atakaa katika hema ya Bwana, na katika majibu yake yumo mtu aliyeapa kwa hasara yake na habadili maneno yake. Niliisoma tangu utoto. Sasa ninapoisoma naona jiko lile na rundo la makala. Nilimwuliza Mama Shemasi, tukiwa sisi wawili, kama hakufikiria kuwapa wale watu sanduku ili abaki na mtaji wake. Hakuna ambaye angemlaumu. Akanijibu kwa 2 Timotheo 1:12, andiko analolipenda, ambapo Paulo, akiwa kifungoni, anasema anamjua yeye aliyemwamini na ana hakika kwamba anaweza kukilinda kile alichokiweka amana kwake. "Mimi mwenyewe nimewekwa kwake," akasema. "Kama ananitunza mimi, nitashindwaje kutunza sanduku la wenzangu?" Nimesikia mahubiri mengi juu ya imani na matendo, na sijasikia lililonyooka kuliko hilo.

Mtu mmoja wa kanisa letu aliwahi kutuambia kwamba kufuli tatu ni ushahidi kwamba hatuaminiani, na kwamba watu waliookoka wangetosheka na kufuli moja. Simkubalii. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alipanga ndugu kadhaa waliothibitishwa na makanisa wasafiri na ile pesa, na katika 2 Wakorintho 8 anatoa sababu wazi: asije mtu akawalaumu juu ya mchango ule, kwa maana wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Mtume mwenyewe hakusema "niaminini, mimi nimeitwa na Mungu." Mchungaji anayekasirika akiombwa hesabu ananitia wasiwasi kuliko mama anayegonga kopo, kwa sababu yule mama angalau anajua anachokifanya si chema.

Na tuseme ukweli mwingine. Katika Birere kuna mfanyabiashara Mwislamu ambaye mizani yake haijawahi kunipunja, na watu wa dini zote wanamwachia pesa zao. Uaminifu si mali ya Wakristo peke yetu, na simpunguzii mzee yule heshima yake hata kidogo. Ninachosema ni kwetu tuliotangaza kwamba tumemwamini Yesu. Tumesema mbele ya watu kwamba Mungu ametimiza ahadi yake kwa gharama ya damu. Mtu anayesema hivyo kisha anakuwa hategemeki katika deni, katika saa ya kufika kazini, katika siri aliyoambiwa na jirani, anawafanya wanaomsikia wadhani kwamba hata Mungu wake hategemeki. Nimewaona vijana wakiliacha kanisa kwa sababu hiyo, na walikuwa na haki ya kuumia.

Binti wa kwaya, nilimtafuta baadaye, tukazungumza kwa utulivu nyuma ya meza yangu. Aliniambia kwamba pale depo wanaandika magunia pungufu kwenye daftari, na tofauti inagawanywa jioni. Anaogopa kufukuzwa. Sikumwahidi kwamba hatafukuzwa. Tulisali, tukahesabu pamoja anaweza kuishi muda gani bila mshahara, na nikamwambia kwamba akifukuzwa kwa ajili hiyo, upande mmoja wa meza yangu ni wake mpaka apate kazi nyingine. Kundi la akina mama limekubali kumpokea kwenye AVEC hata kama ataanza na hisa moja. Nadhani tukiwaita watu waitikie Injili, tunalazimika kuwa watu ambao wanaweza kuwaegemea itakapowagharimu.

Jambo la mwisho ni la kanisa letu wenyewe. Tumekuwa tukichangia mabati ya paa, na nimewaomba wazee hesabu isomwe mbele ya wote, pamoja na risiti za mabati, mbao na misumari. Wamekubali. Itasomwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, kabla ya mahubiri, na mwenye swali atasimama na kuuliza.